Kikombe Kisichotikiswa

Juzi nilikuwa kwenye ofisi ya klabu ya mpira hapa mjini kwetu Ibra, nikimsubiri mwenyekiti amalize na mgeni wake, Mswidi mwenye mvi aliyekuja kuomba kazi ya ukocha.

"Umechezea klabu ngapi?" mwenyekiti akamuuliza kwa Kiingereza.

"Moja, maisha yangu yote. Kisha nikaifundisha, mpaka waliponiondoa."

Mwenyekiti akamgeukia karani kwa Kiswahili: "Moja tu? Wallahi huyu hana uzoefu. Tumchukue yule wa jana, amepitia klabu chungu nzima."

Wakati huo mzee wa kahawa alikuwa akimmiminia Mswidi. Kwetu mgeni akitosheka hutikisa kikombe, kisha huaga. Mswidi hakutikisa. Mzee akamimina, akamimina tena, mpaka dele la kahawa likawa jepesi mkononi mwake.

"Mwambie atikise, mwanangu," mzee akamnong'oneza karani. "Moyo utamwenda mbio."

Karani akamfasiria. Mswidi akakifumbata kikombe kwa viganja viwili.

"Najua," akasema. "Nimefundishwa hotelini. Lakini nikitikisa, itabidi niondoke."

Kwenye kila baraza tunalalamika kwamba wachezaji wa leo hawana mapenzi na klabu. Amekuja mmoja mwenye mapenzi hayo, tukampa kahawa.