Mlango wa Dada Mosi

Dada yangu Mosi alizaliwa ndani ya ile nyumba ya nyuma ya soko, hapa Morogoro mjini, na alitaka afie humo. Hakufia humo. Aliyemnyima namtaja: Abdulatif, mtoto wa kaka yetu. Na aliyemlipia kisasi ni mimi Sabra, mdogo wake.

Nyumba aliijenga mama kwa mchele aliokuwa akiutoa Turiani. Sisi Waluguru, cha mama hufuata mabinti, hakifuati mtoto wa kaka. Abdulatif hilo alilijua tangu ananyonya. Na aliyemlea nani? Mosi huyohuyo. Hakujaliwa mtoto, aliolewa Kilosa, akaachwa, akarudi, akakaa barazani na chuma chake cha vitumbua. Yule mtoto akaletwa, mama yake kaolewa kwingine. Akakua kwa vitumbua, akasoma kwa vitumbua, hata suti akavaa kwa vitumbua.

Siku moja akaja na hiyo suti. "Shikamoo shangazi. Zinakarabatiwa nyumba za kale mtaani. Hama kidogo tu, utarudi. Hawa ni watu wa kulinda historia."

"Historia si ndiyo mimi?" Mosi akamwambia. "Mbona hawanilindi nikiwa humuhumu ndani?"

Lakini alimpenda. Akahamia kwangu Mwembesongo. Ila kwanza akamwita fundi ang'oe mlango wa mbele, ule wa mninga wenye maua ya kuchongwa. Mama alitufundisha: nyumba usiyolala, usiiachie mlango. Majirani wakamcheka. Mlango ukaegemezwa ukutani, uani kwangu.

Wiki haikuisha, tingatinga likapita. Ukarabati gani! Ilikuwa hoteli ya ghorofa; kiwanja Abdulatif alishamkabidhi mwenye hoteli. Mosi akaenda kuona, akarudi. Hakuchoma kitumbua tena. Kutwa anautazama mlango uliobaki bila nyumba. Masika yalipoingia, akafa.

Hata matanga hatujaanua, Abdulatif akanivuta pembeni. "Shangazi, mwenye hoteli anautaka ule mlango. Atauweka wageni wanapopokelewa, wauone mji wa zamani. Nikiupeleka ananipa fremu ya duka pale chini, inatazama soko. Nisipoupeleka, sipati kitu."

"Mlango si wako."

"Wala si wako, shangazi. Ni wa marehemu."

"Haya. Ngoja arobaini. Tukishamsomea, utaupata wote."

Akanibusu mkono, mpumbavu yule.

Asubuhi ya arobaini nikamwita Gabrieli, muuza mboga anayeshuka kutoka mlimani. Shoka haliachi.

Akasita. "Bibi, mlango mzuri hivi?"

"Pasua, baba. Nataka kuni za pilau."

Akapasua. Maua yaliposhika moto machozi yalinitoka, lakini sikuondoa hata ukuni mmoja. Mninga mkavu hauna papara. Uliivisha sufuria zote.

Baada ya hitma Abdulatif akaketi mkekani na mwenye hoteli ubavuni, gari la mizigo linangoja nje. Akala sahani, akaongezewa.

"Shangazi, pilau hii umeitia nini?"

"Kuni nzuri tu, mwanangu."

Akacheka, akajifuta mdomo. "Haya, tupakie mlango."

Nikaenda jikoni, nikafukua majivu, nikarudi na bawaba mbili nimezishika kwa kanga, bado za moto. Nikaziweka kwenye sahani yake, mbele ya tajiri wake.

"Mlango umeshaula," nikamwambia. "Hizi ndizo zilizobaki. Peleka zipokee wageni."

Mwenye hoteli akamtazama Abdulatif, akamtazama tena, akanawa mikono, akaondoka na gari lake. Abdulatif akabaki anazitazama bawaba. Watu wazima walikohoa wasicheke. Wengine hawakuweza.

Wananiambia, "Bi Sabra, samehe, damu yako yule." Wa kusamehe alikuwa Mosi, alimsamehe mpaka akakosa pa kufia. Ile fremu wamepewa watu wengine, wanauza simu. Mimi simu sina haja nayo. Lakini kila niendapo sokoni nazunguka njia ili nipite mbele ya fremu ile, na nikimkuta Abdulatif amesimama ng'ambo anaitazama, namngoja mpaka aniamkie. Ananiamkia.

"Marahaba," namwambia. "Umeshakula leo?"