Baba Krismasi wa Ofisi ya Kago

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Kioko alipanda kwenye mzani wa mizigo na viatu vyake, akatangaza kama vile kuna mtu ameuliza: "Tisini na nne! Ndege bado itanibeba."

Alikuwa mfungaji mizigo kwenye ofisi ya kago hapa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika jijini Guangzhou, Mkamba wa Machakos, mrefu, ana kitambi. Robota la jinzi akilizungushia selotepu linakuwa gumu kama jiwe. Mama yangu, ambaye hununua nguo na kuzituma Mbeya, hakumwamini mfungaji mwingine.

Krismasi yetu ya kwanza Guangzhou, mama alitupeleka duka kubwa kumwona Baba Krismasi. Tukamkuta kijana wa Kichina ameshika saksafoni ya plastiki, ndivyo Baba Krismasi wa huku alivyo. Mdogo wangu Kissa akamwambia kwa Kiswahili kwamba anataka baiskeli. Yule kijana akacheka, akampa peremende, akamwita mtoto mwingine. Kissa alilia njia nzima.

Siku mama alipokwenda Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, kukagua oda yake, alirudi na koti kubwa la jinzi nyekundu, lina pamba nyeupe shingoni, na ndevu za pamba hiyohiyo. Amelishonesha palepale karakanani. Akampelekea Kioko.

"Kaka Kioko, kitambi hicho Mungu hakukupa bure."

"Wee, Mama Atu! Unanitukana ama unaniajiri?"

Tangu hapo, kila mkesha wa Krismasi tunavaa nguo za kanisani, tunakwenda ofisi ya kago. Baba Krismasi anampandisha mtoto mzanini, anashika kichwa: "Huyu ni mzigo wa meli, ndege hapana!" Halafu anaandika kwenye zawadi kwa kalamu nene, kama alama ya mzigo: KISSA, MBEYA. Mama husimama mlangoni, mikono kifuani, kidevu juu. Wanawake wengine wakaanza kuleta watoto wao. Mama aliwaambia, "Huyu wa kwetu anajua Mbeya iko wapi."

Wakimaliza, Kioko hutoka mlango wa nyuma, anavua koti, anarudi kwa mbele: "Amekuja? Aaah, nimemkosa tena!"

Mwaka jana Kioko alikuwa anarudi Machakos moja kwa moja. Alikata tiketi ya jioni ya mkesha makusudi, ili kwanza ampime Teddy, kitindamimba wetu, ambaye miaka yote alikuwa akimwogopa Baba Krismasi. Kisha avue koti, arudi awaage watoto kama Kioko. Ila Kissa alikuwa ameshaanza maneno.

"Dada Atu, mbona Baba Krismasi ana viatu vya Anko Kioko?"

Mama akanivuta pembeni. "Asijue leo. Atamwambia Teddy, na Teddy hajafaidi hata mara moja."

Teddy alipanda mzanini mwenyewe. Hakulia. "Laoban Teddy!" Kioko akamwita bosi, kama wauza maduka wanavyomwita kila mteja. "Wewe unaingia kwenye begi la mkononi!" Teddy akacheka mpaka akakaa chini. Mama alinitazama kana kwamba mzani ule ni wake.

Teksi ikapiga honi nje. Kioko akaenda mlango wa nyuma, akasukuma. Haukufunguka. Lori lilikuwa limeshusha marobota nje ya mlango huo wakati tunacheka, yamepangwa hadi juu. Akasukuma kwa bega. Wapi.

Alipogeuka, Kissa alikuwa anamtazama viatu.

"Anko Kioko yuko wapi? Alisema atakuja kutuaga."

Kioko akatazama ukutani. Jaketi lake lilikuwa limening'inia msumarini. Kuvua koti ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, kisha angewakumbatia kwa jina lake. Honi ikalia tena. Akachukua sanduku lake, jaketi akaliacha.

"Kioko ameshatangulia uwanja wa ndege. Nampelekea sanduku. Amesema mkue, mle vizuri, msimsumbue mama yenu." Akainama akavitazama viatu. "Na viatu hivi ni vyake, Kissa. Vyangu vimelowa, ameniazima."

Kissa akafikiri. "Basi mrudishie," akasema.

"Namrudishia."

Alipopita kando ya mzani aliinua mguu mmoja, mazoea. Akakumbuka, akaushusha.

Barabarani wafungaji wenzake walimpigia miluzi. "Mzee, kilo ngapi leo?" Aliinua mkono tu, koti la mama likiwaka katikati ya mikokoteni, akainama akaingia kwenye teksi ya kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun. Hatukumwona tena.

"Koti langu hilo," mama akamwambia mwanamke wa jirani, kidevu juu, machozi yanamtoka. "Linapanda ndege."