Ungo wa Mashaka

Mimi Kiingereza nilifundishwa na muuza ndagala, tena nikiwa nimenuna. Leo watu wakinisifu, huwa nacheka peke yangu. Wangeniona mwaka ule wa pili wa uhuru, Kalemie yetu ikiitwa bado Albertville, nimekaa uani, mikono inanuka samaki na machozi ya hasira yananitoka, wangesema huyu mtoto ameadhibiwa.

Na mimi niliona ni adhabu. Shule ya masista ilifungwa vurugu zilipoanza, nami nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu. Madaraja ya reli yalivunjwa, treni ya Kabalo haiji, na Papa, baba yangu, fundi wa reli maisha yake yote, alishinda nyumbani akinoa visu ambavyo havikuwa butu. Ndipo lori moja likaleta barua ya uchumba. Aliyeiandika alikuwa mfanyabiashara wa Kabalo, rika la Papa, mwenye wake wawili tayari. Papa hakuwa mtu mbaya, ila nyumba ilikuwa na midomo tisa. Alikubali, akaomba tu nikae mpaka reli ifunguliwe, kisha nipande treni ya kwanza. Mji mzima uliomba treni irudi. Mimi niliomba isije, Mungu anisamehe.

Katika nyumba hiyo aliishi Mama Mudogo, mjane wa mdogo wake Papa. Alizaliwa Kigoma, akasoma huko kwa Waingereza mpaka ndoa ilipomvusha ziwa. Aliuza ndagala, wale dagaa wetu, kwenye mlango wa hospitali. Siku moja alirudi na habari kwamba kuna daktari mgeni asiyejua Kifaransa wala Kiswahili, anatafuta mkalimani, na wanaoitaka kazi atawapa mtihani baada ya Idi. Akasema mbele ya Papa kwamba atanifundisha. Papa aliweka kisu chini, akanitazama.

"Ukiipata hiyo kazi," alisema, "barua nitairudisha kwa mkono wangu."

Basi tukaanza. Mama Mudogo hakuwa na daftari wala ubao, alikuwa na nyungo tatu. Ndagala hukaushwa juu ya mchanga, kwa hiyo lazima wachambuliwe. Ungo wa kwanza ulikuwa wa samaki safi. Wa pili ulikuwa wa takataka, za kulisha bata. Wa tatu aliuita ungo wa mashaka: samaki ambaye jicho limemkubali lakini pua bado. Hao aliwarudia mmoja mmoja kwenye mwanga kabla hajathubutu kumuuzia mtu. Wauzaji wengine walichanganya tu, biashara ikaendelea. Yeye hapana.

Vidole vikifanya kazi, ndipo mdomo ulifundisha. Neno la Kiingereza, alisema, ni samaki: lina kichwa, mwili na mkia. Shika mwili kwanza. "Use" ni kutumia. Utie mkia wa "ful", limekuwa la kitu kinachofaa. Badilisha mkia, tia "less", hakifai kitu. Mkia wa "er" ni mtu mwenyewe anayetumia. Ukitanguliza kichwa cha "re", unatumia mara nyingine. Mwili mmoja, samaki chungu nzima. Nililalamika kwamba kichwa kinaniuma. Akacheka, akaniuliza piga, pigwa, pigana na pigisha nilifundishwa na nani. Nikacheka na mimi.

Kumbe kujua kidogo ni hatari. Wiki chache tu nikawa najitia bingwa, nabandika kichwa chochote kwenye mkia wowote, naunda maneno ambayo hakuna Mwingereza aliyewahi kuyasikia. Akiniuliza kipande nisichokijua, nabahatisha, tena kwa sauti kubwa. Hakunigombeza. Aliokota ndagala mmoja, akamtupa kwenye ungo wa tatu, akaendelea. Nilikichukia kitendo kile kuliko kofi. Siku moja ulimi uliniponyoka, nikamwambia kama Kiingereza chake kingekuwa na maana, asingekuwa anauza samaki. Vidole vyake havikusimama. Nilijua nimekosa adabu, lakini msamaha sikuomba. Kichwa changu kilikuwa kigumu kama jiwe la kusagia.

Idi ikapita. Wiki ya mtihani zilifika habari kwamba treni ya majaribio imeonekana Niemba, stesheni ya njiani kutoka Kabalo. Papa alitoa sare yake ya reli, akaipiga pasi. Chakula kilinishinda.

Hospitalini tulikuwa watatu, mabwana wawili wa biro, makarani wenye tai, na mimi katika kitenge cha kuazima cha Mama Mudogo. Daktari aliweka chupa ya dawa na karatasi yake, akatuita kwa zamu, mlango wazi. Tulitakiwa kusema, kwa Kiingereza hichohicho, tutamweleza mgonjwa nini. Katikati ya karatasi kulikuwa na neno refu, "subcutaneous". Bwana wa kwanza, bila kupepesa, alisema mgonjwa anywe dawa amelala chali. Wa pili alisema ainywe kabla ya chakula.

Zamu yangu ikafika. Kichwa nilikijua, "sub" ni chini. Mkia niliujua. Mwili, hata kidogo. Niliwaza Kabalo. Na uongo ulikuwa tayari mdomoni, uongo mzuri kabisa: chini ya ulimi. Halafu nikaona vidole vya Mama Mudogo na ule ungo wake.

"Ni chini ya kitu," nilisema. "Hicho kitu sikijui. Sitamwambia mgonjwa mpaka wewe uniambie."

Daktari aliinua ngozi ya mkono wake kwa vidole viwili, akanionyesha mahali sindano inapopita. Akasema nije kesho asubuhi.

Papa alirudisha barua kama alivyoahidi. Treni ilipoingia, nilikwenda stesheni na watu wote, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Miezi ilipita, nikaizoea kazi. Siku moja daktari alimtaja yule muuza samaki wa mlangoni. Alisema kazi hii alimpa yeye kwanza. Mama Mudogo alikataa, akamwomba asubiri Idi ipite, kwa sababu nyumbani ana binti.

Niliondoka bila kuaga. Nilimkuta uani na nyungo zake, nikamuuliza kwa nini. Hakuinua kichwa.

"Mimi nilikuwa na ndagala zangu," alisema. "Wewe ulikuwa na nini, kama si Kabalo?"

Nikakaa chini, nikavuta ungo wa mashaka kwenye mapaja yangu, na ule msamaha nilioulimbika miezi yote nikautoa pale, nikilia bila haya. Aliniacha nilie. Kisha akaniambia nichambue vizuri, jua linakwenda.