Mabenchi Yaliyoipa Bahari Mgongo

Hebu mwone akija. Njia ya miguu inapita juu ya jabali, bahari iko chini mkono wa kushoto, mteremko wa nyasi mkono wa kulia, na pale kwenye kona kinatangulia kutokea kichwa cha ubao. Ubao unakuja, unakuja, mpaka unashangaa mwenyewe yuko wapi, halafu anatokea mtu mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio, anatembea upandeupande ili upepo usimnyang'anye mzigo. Hata hujamwona vizuri usoni ameshaanza: "Habari zenu hapo! Poleni na kupanda! Kaeni, kaeni, benchi halina mwenyewe!"

Huyo ndiye Fundi. Jina lake analo, ila nadhani hata bintiye hulikumbuka siku za karatasi za serikali tu.

Sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha katika karakana iliyokuwa nyuma ya hospitali. Alitengeneza vikabati vya kando ya vitanda, alirekebisha milango iliyogongwa na machela, lakini sifa yake hasa ilikuwa mabenchi ya korido, yale ambayo wagonjwa hukaa wakisubiri kuitwa. Benchi la Fundi halikulia hata likikaliwa na ukoo mzima. Kisha hospitali ikanunua viti vya plastiki, karakana ikafungwa, na mkewe, ambaye walizeeka wakitaniana kama watoto wa shule, akafariki. Mambo hayo mawili yalifuatana karibu karibu, na Fundi akahamia kwa binti yake, kwenye chumba cha uani, akawa anashinda humo mlango umerudishwa nusu. Mwaka mzima mtu aliyemsalimia mara kwa mara, ukimtoa binti, alikuwa mtangazaji wa televisheni, na huyo tunajua hangoji jibu.

Binti anafua katika nyumba ya wageni, ile wanayolala watembeaji wanaofuata njia ya jabalini. Siku moja alirudi na habari.

"Baba, kuna kazi."

"Kazi gani?"

"Mabenchi. Kule njia ya juu ya bahari, watu wanakoenda kutazama nyangumi."

"Nyangumi wanakaa kwenye benchi?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Fundi lazima amjue mteja wake."

Binti alicheka, halafu akasema amesahau sabuni nje, akatoka kwenda kulia. Tangu msiba, huo ulikuwa utani wa kwanza.

Msimamizi wa njia ni bwana mnene, mpole, mwenye buti kubwa kuliko haraka zake. Alimweleza Fundi wazi: "Tunaanza na kipande hiki kimoja, mzee wangu. Mabenchi yakitufaa, njia yote ni yako, na ngazi, na vidaraja, na uzio. Yasipotufaa, tutashukuriana na kuagana kwa wema." Fundi akaitikia kwa kichwa. Ila moyoni alijua ya kuagana ni yapi: ni kile chumba cha uani na mlango uliorudishwa nusu.

Basi akapiga kazi. Alichimba kati ya njia na uzio wa upande wa bahari, akamwaga zege, akasimamisha miguu, akalaza mbao na kuzipima kwa pima maji mpaka tone la hewa likatulia katikati kama limelala. Na alipokuwa akipiga randa, watu walikuwa wanapita. Wenye fimbo, wenye mikoba, mabibi wawili wanaogombana kuhusu ramani, baba aliyembeba mtoto shingoni. Wote walimsalimu. Wengine walisimama wakamuuliza mbao gani hiyo, na yeye akawajibu kirefu kuliko walivyotaka. Jioni alirudi nyumbani koo limekauka kwa kuongea, anakula mara mbili, binti anamtazama kwa pembe ya jicho na kumpakulia tena taratibu, asije akaharibu.

Bahari yenyewe Fundi hakuitazama. Kule juu ilimzungusha kichwa, kwa hiyo alikuwa akifika tu anaipa mgongo, anaangalia mbao zake.

Maegemeo ya mgongo aliyaacha mpaka mwisho, kama fundi wa nyumba anavyoacha milango. Akayafunga yote siku moja, akafagia maranda, akaenda zake amefurahi.

Asubuhi iliyofuata likaja kundi la watembeaji kuyajaribu. Waliongozwa na yule mama wanayemwita Mama Darubini, ambaye anaweza kukutajia mnyama wa baharini kwa kuona mkia tu, na msimamizi alikuwa nyuma yao akihema. Fundi alisimama kando, shati limepigwa pasi. Watu wakakaa. Wakanyoosha miguu. Wakatazamana.

Bwana mmoja mwenye kofia akasema taratibu, "Samahani. Sisi hapa tunaangalia nini?"

Walikuwa wanaangalia nyasi. Mabenchi yote, mwanzo wa kipande hadi mwisho, yalitazama njia na mteremko, yakaipa bahari mgongo.

Kabla hajajibiwa, Mama Darubini akapiga kelele: "Anapumua! Kule, nje ya mwamba mweusi! Na ndama wake yupo!"

Ikawa vurugu. Watu wazima wakageuka hapo hapo walipokaa, wakapanda kwa magoti juu ya mbao, wakashika maegemeo kwa mikono miwili na kuchungulia kama watoto dirishani. Mabibi wa ramani wakasukumana. Msimamizi alijiziba mdomo, lakini tumbo lilimsaliti, likawa linatikisika.

"Fundi," alisema alipoweza, "mbona watu wako wamepiga magoti kama wanatubu?"

"Nani kawaambia wapige magoti? Benchi ni la kukalia."

"Wanatazama nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

Hapo hata mwenye kofia aliangua kicheko. Fundi hakuona la kuchekesha. Wewe fikiria: maisha yake yote benchi limekaa korido, mgongo ukutani, uso kwa wanaopita. Aliona uzio wa upande wa bahari akauhesabu kuwa ndio ukuta. Angeweka vipi vingine?

Mama Darubini ndiye aliyemshika kiwiko. "Njoo, mzee wangu. Shika uzio hapa, usitazame chini, tazama mbali." Akashika, vidole vikamwuma kwa kukaza. Kwanza aliona maji matupu. Halafu mgongo mkubwa mweusi ukainuka polepole, unang'aa kama mbao iliyotoka kupakwa vanishi, ukatoa pumzi ndefu iliyosikika mpaka juu jabalini, na ubavuni pake kamgongo kadogo kakafanya vile vile, kakachelewa kidogo, kakatoa kipumzi chake kama mtu anayepiga chafya.

"Ahsante," Fundi alisema. Mama Darubini akaitikia "karibu", maana alidhani ameambiwa yeye.

Kundi lilipoendelea mbele, wakabaki wanaume wawili na mabenchi yao.

"Yageuze, Fundi."

"Miguu iko kwenye zege, bosi. Nikiing'oa zinapasuka mbao zote."

"Sasa?"

"Lakini na wewe nisikilize. Mtu akae hapa akitazama maji, mwenzake apande na jua hili lote, apite nyuma yake kama mwizi? Salamu akakipigie kisogo?"

"Watu wanakuja hapa kwa ajili ya bahari, mzee."

Fundi alikusanya misumari yake mfukoni. "Mimi nilikuja kwa ajili ya watu," alisema, bila ukali.

Msimamizi alikung'uta nyasi kwenye buti. "Jumatatu nitakuja kukaa," akasema. "Nikikaa nione maji. Zaidi ya hapo sina la kukusaidia."

Siku hiyo Fundi hakuingia chumbani. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa huko binti anakofulia, anasimulia, na binti anaanika taulo na kujikaza asicheke. Taulo moja alilitupa juu ya kamba likaning'inia upande wa huku. Jua lilikuwa upande wa kule. Akalishika ncha, akalipindua juu ya kamba, likaangukia upande wa pili.

"Rudia," Fundi alisema.

"Kurudia nini?"

"Hivyo ulivyofanya. Rudisha huku. Haya, peleka tena."

"Baba, hili taulo la watu."

Alikuwa ameshasimama, anatafuta penseli, nayo iko sikioni.

Alifungua maegemeo yote bila kugusa miguu wala zege. Kila egemeo akalitengenezea mikono miwili ya mbao ngumu, akaifunga mmoja kila ubavu wa benchi, katikati kabisa, kwa bolti zisizoshika kutu. Ukilisukuma, egemeo linapita juu ya kiti kama lile taulo juu ya kamba, linalala upande wa pili, linakaza. Kiti chenyewe kilikuwa kimelazwa sawasawa, hivyo ukae huku, ukae kule, ni mamoja.

Jumatatu msimamizi akakaa. Akaona maji yote, mpaka kule yanakoishia. Alikuwa ndio kwanza anajiegemeza wakati sauti za watu zilipoanza kusikika nyuma yake, wanapanda.

"Simama kidogo, bosi," Fundi akamwambia. Akavuta egemeo, kap! "Kaa sasa." Msimamizi akakaa, akajikuta uso kwa uso na familia nzima, jasho linawatoka, wanacheka, wanamsalimu. Akawaitikia mmoja mmoja. Walipopita alinyanyuka akaligeuza egemeo mwenyewe. Akaligeuza tena. Akatazama kama kuna anayemwona, akaligeuza mara nyingine.

"Njia yote, Fundi," akasema. "Na ngazi."

Hiyo ndiyo kazi yake mpaka leo. Kichwa hakimzunguki tena. Anakaa kwanza, halafu ndio anatazama. Amewajua pomboo, amejua kasa akitoa kichwa huonekana kama kizibo kinachoelea, na bado hakubali kwamba ndege wale wanaojirusha majini kama mishale hawaumii shingo. Kila jioni anamwambia binti yake amewasalimia wangapi na ameona nini, na katika kusimulia huwezi kutenganisha kipi kilimfurahisha zaidi. "Ahsante kwa lile taulo," humwambia mara nyingine, na binti humjibu kwamba taulo lilikuwa la wageni.

Watu sasa hugombana juu ya mabenchi yale, mke anavuta huku, mume anavuta kule, na Fundi huwaacha, hasuluhishi. Basi nikuulize na wewe unayenisoma. Umechoka, umekaa, mkono uko juu ya egemeo. Kule majini mgongo mweusi umeanza kuinuka. Na hapo hapo, kwenye kona ya njia, kuna mtu anakuja amebeba ubao, ameshafungua mdomo kukusalimu. Utalisukumia wapi?