Kiapo cha Asiyeamini

Mjane Taliko alipolitaja jina la Jokia mbele ya kanisa, wanaume wa ukoo wa Gerliani waliinamisha vichwa ili kicheko chao kisionekane. Walipofika nyumbani hawakukizuia tena.

"Wanaume wote wa ukoo huu, naye amchague mwalimu!" alisema Murzakan huku akijipiga mapaja. "Bibi amejitia kitanzi mwenyewe!"

Jokia, kaka yake, alikaa karibu na moto bila kucheka.

Maksai wa Taliko alikuwa amekutwa amekufa kando ya kijito, na risasi ubavuni. Taliko alimshtaki Murzakan, Murzakan akakana. Na huko milimani Svaneti, theluji ikishaziba barabara, polisi huja na majira ya kuchipua, kwa hiyo kesi huishia mbele ya picha ya Mtakatifu Giorgi. Mshtakiwa haapi, maana nani atamwamini? Huapa ndugu yake mmoja, naye huchaguliwa na mlalamikaji. Ndugu akiapa, kesi imekwisha. Akishindwa, mshtakiwa ana hatia, na kwa kuwa alikana, hulipa wawili kwa mmoja. Maksai wawili ndio waliokuwamo nyumbani mwa akina Gerliani. Hakukuwa na wa tatu.

Jokia alifundisha fizikia katika shule ya kijiji. Enzi za serikali ya zamani, iliyopiga dini marufuku, alisimama mlangoni pa kanisa siku za sikukuu na kuwaambia watu kwamba picha ile ni ubao na rangi. Ijumaa Kuu, siku ya mfungo, alikula jibini hadharani, barazani, akitafuna polepole ili kila mtu aone. Serikali ile ilipoanguka, waliokuwa wamezika misalaba waliifukua, na wasiowahi kuwa nayo wakanunua mikubwa zaidi. Jokia alibaki alivyo. Watoto walimwita Mwalimu Hakuna-Mungu. Lakini watoto haohao walijua kwamba alimfelisha mpwa wake mwenyewe mtihani, na kwamba kondoo wa jirani akijichanganya na wake, humrudisha kabla mwenyewe hajajua amepotea.

Naye alijua nani alimuua maksai. Jioni ileile ya risasi Murzakan alimfuata akinuka pombe, akilia. "Nilidhani ni dubu, kaka. Haki ya Mungu nilidhani dubu." Asubuhi yake akaulizwa, woga ukamjibia, akakana. Basi uongo ukawa umezaliwa, na sasa ulitaka kulishwa.

Mama yao, Sabedo, alimletea Jokia mkate wa nyama na kukaa mbele yake. Mama huyu hakuacha mfungo hata mmoja, na magoti yake yalikuwa sugu kwa sala.

"Kula, mwanangu. Jumapili ni neno moja tu."

"Neno la uongo, mama."

"Kwetu sisi. Sisi tukiapa uongo tutakufa. Wewe utakuwa umegusa ubao. Si ulisema mwenyewe miaka yote, ubao na rangi?"

"Na wewe unayeamini, huoni vibaya kunituma?"

"Nitamchinjia Giorgi kondoo. Atanielewa."

Mama alikuwa ametumia hoja za Jokia mwenyewe. Kama juu hakuna anayesikia, neno ni hewa inayotoka kinywani. Hata hesabu ilikuwa upande wa uongo: mjane amepoteza maksai mmoja, mama yake atapoteza wawili. Alipiga hesabu ile tena na tena, na kila mara ilitoka sawasawa, na kila mara aliianza upya. Nyuma ya ubao wa kihori, ndani ya chumba kilekile, maksai wawili walicheua wakimtazama. Dirisha lilikuwa jembamba kama tundu la bunduki, na nje theluji ilikuwa imepanda hadi kwenye kizingiti. Pa kwenda hapakuwapo.

Palikuwa na mahali pamoja tu, kwa mjane. Alimkuta Taliko akiburuta gogo kwa kamba, mwenyewe akiwa maksai.

"Mama Taliko, chagua mwingine."

"Kwa nini, mkono unakuuma?"

"Siamini. Kiapo changu hakina kitu ndani."

Taliko aliketi juu ya gogo, akavuta pumzi. "Wale ndugu zako wanamwogopa Giorgi kama wanavyoogopa mbwa wa jirani. Wakimtupia mfupa, wanapita. Wewe mfupa huna."

"Mungu pia sina."

"Unasema humjui. Mimi sijamsikia yeye akisema hakujui." Alimrushia kamba mikononi. "Una kamba shingoni, mwalimu, halafu unabisha kwamba hakuna aliyeishika. Haya, kimbia basi tuone utafika wapi! Lakini kwanza nivutie gogo hili."

Akamvutia hadi mlangoni.

Jumapili mshika ufunguo wa kanisa alitoa picha nje, bamba lake la fedha likiwa limelika kwa mabusu ya vizazi. Jokia alivua kofia ya sufu na kuweka mkono juu ya picha. Fedha ilikuwa baridi. Alingoja hofu ije, haikuja. Radi haikupiga. Hakuna aliyemshika mkono wala ulimi, njia ilikuwa wazi kabisa, na hapo ndipo alipojua amenaswa.

"Ndugu yangu Murzakan," alianza. Watu wakangoja. "Ndugu yangu..."

Akauondoa mkono.

"Siwezi," alisema.

Mama yake alitoa sauti kama ya mtu aliyeungua.

Alasiri ileile maksai walitolewa mmoja mmoja, wakipita mbele ya moto, mbele ya Sabedo aliyejifunika uso kwa shela. Murzakan alingoja mlango ufungwe.

"Huamini!" alipiga kelele. "Mimi ningeogopa, sawa, mimi naamini! Wewe ulikuwa unagusa ubao! Nani alikukataza? Nitajie jina lake!"

Jokia alifungua kinywa ili atoe jibu alilowapa wanafunzi miaka yote, kwamba dhamiri ni mazoea ya watu wanaoishi pamoja. Lakini watu anaoishi nao ndio hawa, nao wote walimtaka aape.

"Sijui," alisema.

"Hujui! Maksai wawili, halafu hujui!"

Sabedo aliweka bakuli la Jokia sakafuni bila kumtazama, kisha akaenda kuwasha mshumaa wake wa sala, na kila alipowasha kiberiti kilizimika. Barabara ingefunguka majira ya kuchipua. Hadi siku hiyo wangeota moto mmoja, watu watatu, wakielekeana na kihori kitupu.

Jokia aliinuka, akachukua kiberiti mkononi mwa mama, akamwashia.