Saa ya Kutoka

Jedwali letu la kumbukumbu za kupiga mbizi nililianza peke yangu kwenye kompyuta ya ofisini, Posta, na kama rafiki yangu asingeingiza mkono wake lingebaki zuri zaidi. Mimi napenda safu nyembamba na maneno machache. Yeye anauza pampu na mabomba ya maji Kariakoo, na chochote anachokigusa kwenye kompyuta lazima akipake rangi.

Tulijifunza kupiga mbizi pamoja, watu wazima wenye vitambi, baada ya yeye kumuuzia pampu mwalimu wa kupiga mbizi na kurudi na mwaliko badala ya faida. Mtaani kwake mzamiaji ni mtu anayejificha ndani ya meli atoroke nchi, kwa hiyo kila Jumatatu majirani zake walimpokea kwa swali lile lile.

“Vipi mzamiaji, Sauzi ulifika?”

“Nimerudishwa,” alijibu, akaendelea kupanga mabomba.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya vichwa vya safu. Nilikuwa nimeandika “Saa ya kuzama”. Akakataa katakata.

“Kaka, mimi mzigo wangu uko baharini unatoka China. Siwezi kufungua kompyuta asubuhi nikakutana na neno kuzama.”

Akabadilisha, akaweka “Kuingia” na “Kutoka”, kama kwenye jedwali lake la bidhaa za stoo. Huko bidhaa iliyoingia na haijatoka, kisanduku cha mwisho kinawaka chekundu na kuandika BADO. Akalihamisha hilo nalo. Nikamweleza kwamba ni upuuzi, kwa sababu sisi tunajaza saa zote mbili kwa mkupuo, Jumatatu, dukani kwake, tukiwa wakavu na chai mkononi. Hiyo BADO haitaonekana hata siku moja. Akasema niiache tu. Nikaiacha, nimenuna.

Kwenye safu ya maoni mimi niliandika “Maji machafu, mkondo wa wastani.” Yeye, kwa mbizi hiyo hiyo, aliandika “Pweza kanikazia macho kama mdai.” Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu.

Kisha ikaja Jumapili moja karibu na kisiwa cha Mbudya. Alikuwa na mafua na hakusema. Tukiwa tunashuka akaonyesha sikio lake, akatikisa kiganja, ishara yetu ya tatizo, na nilipomtazama macho yake yalikuwa yamemtoka. Tulipanda polepole. Kwenye boti damu kidogo ilimchuruzika shingoni.

Ngoma ya sikio ilikuwa imepasuka. Alinipa habari ya daktari akiwa nyuma ya kaunta.

“Kasema basi.”

“Basi kwa muda, au basi kabisa?”

“Kabisa.”

Mteja akaulizia elbo ya bomba la nusu inchi. Akageuka kumtafutia. Niliumia. Mimi ni mtu wa Lindi, Mwislamu. Yeye ni Mchaga, mzee wa kanisa. Wake zetu hawajuani. Kilichotukutanisha ni maji, na bila maji sikuona urafiki wetu utasimama juu ya nini. Hilo lilinitisha kuliko nilivyotaka kukubali.

Niliendelea kwenda na watu wengine. Jumatatu nilipita dukani, lakini mazungumzo yakawa yanapungua.

“Ilikuwaje?”

“Maji machafu.”

“Haya.”

Chai nikawa nainywa nimesimama. Jedwali, ambalo wote wawili tulilifungua mtandaoni, nikalijaza mwenyewe kwenye simu, na likawa safi kama nilivyolitaka zamani. Sikulifurahia.

Kisha Jumapili nyingine, asubuhi, akanitumia ujumbe akiuliza naingia na nani. Nikamjibu, nikamtajia na Mbudya, nikaongeza: “Tunaingia sasa hivi.” Niliitia simu ndani ya begi nikavaa mtungi wa hewa.

Tulitoka salama, ila mashine ya boti ikagoma na tukakaa kisiwani hadi saa tisa tukisubiri boti nyingine. Simu niliikumbuka tulipokuwa tunarudi. Nikafungua jedwali nijaze kabla sijasahau.

Mstari wa siku hiyo ulikuwa umeshafunguliwa. Tarehe, Mbudya, jina la mwenzangu wa siku hiyo. Kuingia: saa nne na robo. Kutoka: tupu. Na pembeni, chekundu, BADO. Kwenye maoni alikuwa ameandika maneno mawili: “Niko dukani.”

Jumapili maduka yote ya mtaa wake hufungwa. Nikampigia, nikaweka spika.

“Umetoka?”

“Nimetoka.”

“Saa ngapi?”

“Saa tano na dakika tano. Mashine ya boti ilituharibikia.”

Nikasikia vidole vyake vikibonyeza, kimoja kimoja, kama anavyoandika siku zote. Kwenye simu, kiganjani mwangu, ule wekundu ukafutika.

“Haya,” alisema. “Sasa nafunga.”