Gauni la Kujifunzia Kugawanya

Dada yangu mkubwa, aliyetangulia mbele ya haki mwaka huu, alifundisha kusoma na hesabu za msingi katika chuo cha ufundi. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima waliojiandikisha ushonaji au uashi, kisha kugawanya kukawashinda. Wenzao waliliita darasa lake chekechea. Ukionekana unaingia, unaulizwa kama mama amekuleta au umekuja mwenyewe. Basi watu wakaacha kuingia, dada akawa anafundisha madawati.

Aliyemhangaisha zaidi ni Mama Pacha wa ushonaji. Mtihani wa vipimo alishaufeli, na akiufeli tena chuo kingemtoa. Dada alimfuata.

"Mbona huji darasani, mama?"

"Mwalimu, mwanangu wa kwanza anasoma umeme hapahapa. Nipite mbele yake naenda chekechea?"

"Atakucheka?"

"Afadhali angecheka. Atanihurumia."

Dada alirudi nyumbani, akasali, kisha akaniambia, "Kama hawaji kwangu, nitawaendea mimi." Alinunua kitambaa cha bluu, akaingia karakana ya ushonaji kama mteja. Kila wiki Mama Pacha alimpima nyonga, akagawanya kwa nne, akachora robo ya gauni kwenye karatasi, akakosea, akaanza upya. Wengine nao walisogea. Kumpima mteja ni kazi, hakuna wa kuionea aibu.

"Mwalimu, gauni hili ni la harusi ya nani, mbona haliishi?" walimtania.

"Bado halijanikaa. Pimeni tena."

Siku moja Mama Pacha alipima, akatazama karatasi ya wiki iliyopita, akanyong'onyea. "Nimekosea tena. Namba zimepungua." Wiki iliyofuata zikapungua zaidi, na safari hii hakusema amekosea. Alimvuta dada pembeni. "Mwalimu, kipimo changu ni sahihi. Nenda hospitali."

Sisi tuliokaa naye nyumba moja hatukuwa tumeona kitu. Siku zote alivaa nguo pana. Hospitali walisema ugonjwa umekwenda mbali. Hata hivyo aliendelea kwenda karakana, akijikokota.

"Si upumzike, dada?" nilimwambia.

"Mdogo wangu, yule mama ndiyo kwanza anaanza kuziamini namba zake. Niache nimfikishe."

Alikwenda mpaka miguu ilipokataa.

Matokeo yalitoka baada ya mazishi. Mama Pacha alikuja nyumbani, akaketi mkekani na wafiwa, hakugusia mtihani mpaka nilipomuuliza.

"Nimefaulu, kaka," alisema. "Ila nilitaka kumwambia yeye."

Nilimjibu kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kama tunavyoambiana misibani. Naamini hivyo, sijaacha kuamini. Lakini jioni ikifika, saa zile alizokuwa akirudi kutoka chuoni, nikisikia viatu vya mtu nje huwa naacha ninachofanya, natega sikio mpaka vipite.